Asha ni mtoto wa nani?

Nimeitazama Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya 2009, nikiwa Chome, Upareni, blanketi mabegani, ukungu wa mlima Shengena umeganda dirishani kama mgeni asiyejua kuaga. Ni Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya Vita ya Tatu ya Dunia, vita ya maji. Watu wamejifungia ndani. Jasho na mkojo vinachujwa, vinarudi kikombeni. Asha, mhusika mkuu, anapata udongo wenye unyevu, anaomba kibali cha kutoka nje, Baraza linalowatawala linamnyima. Anatoroka.

"Mbona hakukata rufaa?" akauliza mjomba, aliyekuwa akichungulia simu yangu, sahani ya makande mkononi. Msimcheke. Sisi Wapare ndio tunaosemwa kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Baraza lile lisingepata usingizi.

Kugombea maji hakukumshangaza. Amewahi kukesha kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, na tochi yake, akilinda zamu, asije jirani akazibua usiku.

Kilichomshinda ni upweke. "Anatembea jangwani peke yake, na hakuna hata mmoja wa kumuuliza anakwenda wapi?" Huku ukishuka tu kwenda Same utaulizwa mara sita kabla gari halijajaa, na masika yakiharibu barabara mnakwama wote, na habari zilezile.

Filamu ikaisha. Mjomba akalamba kijiko, akataka kujua Asha ni mtoto wa nani.