Majitu Yamekaa Kitako

Mwoneshe kijana wa Visiga tamati ya katuni ya Kijapani ya majitu, Neon Genesis Evangelion, uone ghadhabu. Yeye ambaye katika kibanda umiza cha kando ya Barabara ya Morogoro hustahimili joto la mabati na benchi lisilo na egemeo, ilimradi majitu yararuane, atastaajabu kuona kwamba mwongozaji Hideaki Anno, katika sehemu ya 26 iliyorushwa Machi 1996, alimkalisha mvulana Shinji kitini, akamwacha aihoji nafsi yake mpaka jamaa zake walipomzunguka, wakampigia makofi na kumpa hongera. Na vita vilivyongojwa kwa shauku vikaishia maneno matupu. (Huko Japani nako watu walihamaki, na mwaka 1997 wakaletewa filamu yenye tamati nyingine, damu tele.) Lakini hakimu wetu huyo wa sanaa, akisha kudai arudishiwe kiingilio chake, ataelekea kijiweni, akae kwa taadhima tangu alasiri hadi isha akisikiliza hoja juu ya penalti waliyonyimwa Yanga, mpira haupo, mchezaji hayupo, refa hayupo, na kesho, inshallah, atawahi nafasi ya mbele.