Sifa za Mkaguzi wa Nishati

Watu husifu bibi harusi, husifu ng'ombe, husifu hata marehemu aliyekufa na madeni ya mtaa mzima. Mkaguzi wa nishati hajapata wa kumsifu. Anaingia kiwandani na kofia ngumu kichwani na kipimo cha kubana waya mkononi, anaomba bili za mwaka mzima, anahesabu taa hadi za chooni, kisha anawaachia wenyeji ripoti nene na ankara ya kumlipa. Leo zamu hiyo naichukua mimi, mkaaji wa Lac Vert, kartie ya magharibi mwa Goma yenye ziwa dogo la kijani lililolala ndani ya kreta. Huku kwetu hajafika, na asiyefika kwako ndiye rahisi kumsifu.

Msifiwa lazima atajiwe ukoo. Huyu ni mtoto wa dhiki. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973, nchi tajiri ziligundua ghafla kwamba swichi ina upande wa pili. Japani ikatunga sheria mwaka 1979 kuvitaka viwanda vikubwa viwe na msimamizi wa nishati. Umoja wa Ulaya ukatoa agizo mwaka 2012: kila kampuni kubwa iwe imekaguliwa kufikia tarehe 5 Desemba 2015, na irudie kila baada ya miaka minne. Mwaka huohuo wa 2012 Kenya ikatoa kanuni zake, ambazo leo zinasimamiwa na mamlaka ya nishati, EPRA. Basi amekwisha kufika Nairobi. Labda anasubiri barabara ya kwetu itengenezwe.

Sifa yake ya kwanza ni upole. Chukua Uingereza: kampuni kubwa ililazimishwa kukaguliwa, mkurugenzi akalazimishwa kutia saini kwamba ameisoma ripoti, na hapo sheria ikaishia. Kutekeleza kilichoandikwa kulibaki hiari. Sheria nyingine humwambia mwizi aache kuiba. Hii humwambia tajiri: mlipe mtaalamu akuonyeshe mahali unapojiibia mwenyewe, weka saini, kisha kapumzike. Wapi tena utapata serikali yenye adabu kiasi hicho?

Sifa ya pili ni hekima ya hesabu. Ulaya ilipotaka kujua nani anakula umeme mwingi, ilianza kwa kuhesabu watu na pesa: wafanyakazi 250 na kuendelea, au mapato makubwa, wewe ni mkubwa, leta daftari. Ofisi ya makarani 300 wenye taa na birika la chai ikawa ndani ya sheria, na ukumbi wa kompyuta unaonguruma usiku kucha ukilindwa na watu kumi uliweza kupita mlangoni ukipiga mluzi. Ilipofika mwaka 2023 ndipo agizo likaandikwa upya, na kipimo kikawa nishati yenyewe inayotumika. Miaka 11 kufikia jambo ambalo muuza makala, yaani mkaa, wa sokoni analijua asubuhi ya kwanza: anapima makala, hahesabu ukoo wa mnunuzi.

Wakenya, lazima tukubali, walianza kwa akili zaidi. Katika kanuni zao za 2012 kipimo ni kilowati-saa 180,000 kwa mwaka. Ukizifikisha, unakaguliwa kila miaka mitatu na mtu mwenye leseni, na kabla ya miaka hiyo kwisha uwe umetekeleza angalau nusu ya akiba aliyokuonyesha. Nusu nyingine nadhani imeachwa kwa ajili ya heshima ya mwenye mali. Msomaji wa Lac Vert akitaka kuuona ukubwa wa namba hiyo, achukue taa ya wati 5 inayowaka saa tano kila usiku: kilowati-saa 180,000 zingewasha taa kama hizo katika nyumba karibu 20,000 kwa mwaka mzima. Au aende Rutshuru, kwenye mtambo wa maji wa Matebe uliofunguliwa mwaka 2015 ukiwa na megawati 13.8. Ukizunguka kwa nguvu zake zote, utazitoa kilowati-saa hizo kwa saa 13 hivi.

Na mkaguzi huona nini huko ndani? Mara nyingi huona aibu ndogondogo. Kompresa ya hewa inapuliza Jumapili usiku na hakuna fundi hata mmoja kazini. Ukisimama karibu na bomba utasikia hewa inavuja kwenye kiungo, *ssss*, kama nyoka mwenye mshahara. Katika viwanda visivyotunzwa, uvujaji huo hula asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote inayoshindiliwa. Mota kubwa inazungushwa kwa kazi ya mota ndogo. Bomba la mvuke limeachwa uchi. Ofisini kiyoyozi kinashindana na dirisha lililo wazi, na taa za uani zinalisaidia jua la saa sita mchana.

Sasa mlete bwana huyo Lac Vert, jioni, kwenye nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe ya volkano. Mama amekaa mbele ya mbabula, jiko lake la makala. Mkaguzi anafungua daftari: "Mama, kila mwezi unatumia nishati kiasi gani?" Atajibiwa kabla hajamaliza kuandika tarehe: "Papa, gunia moja. Nikipika maharagwe zaidi ya mara mbili kwa juma, halifiki mwisho wa mwezi." Maharagwe ameyaloweka tangu jana ili yaive upesi. Sufuria ina mfuniko, na juu ya mfuniko kuna jiwe. Chakula kikiiva, makala yaliyobaki anayazima kwa majivu, moja moja, yamfae kesho kwa chai. Ndani kompteri, mita ya umeme ya kulipa kabla, inapiga kelele kwamba uniti zinakwisha, na taa ya pili inazimwa bila mkutano wa halmashauri. Huyu amekaguliwa na mfuko wake kila siku. Hana cheti, na akiba anayoiona huitekeleza yote, si nusu.

Gunia lake limeteremka juu ya chukudu, na makala mengi ya Goma yametoka kwenye miti ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Mwaka 2007 mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF ulianza kuwapa wakulima miche ili mji upate makala bila kuula msitu. Kwa hiyo mambo ya nishati huku tumefundishwa vya kutosha: panda mti, funika sufuria, nunua mbabula isiyokula sana. Somo limetolewa kwa bidii kwa yule anayetumia kidogo kuliko wote.

Watamtukana mkaguzi wangu kwamba anapima kisichoonekana. Sisi wa Lac Vert tusimcheke. Kwetu kuna mazuku, ile gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini na kulala mahali pa chini. Haina rangi, na imeshaua mifugo na watu. Wataalamu wa volkano wa Goma huipima na kuonya, nasi tumejifunza kukiamini kipimo kuliko macho.

Wafanyabiashara nao watalia kwamba atakuwa mgeni mwingine mwenye barua ya misheni na muhuri. Kilio hiki nakielewa, maana huku muhuri una bei. Lakini wageni wale wengine huondoka na pesa yako na kukuachia risiti, kama wana risiti. Huyu anakuachia namba ya pesa uliyokuwa ukiipoteza. Na kilowati inayookolewa kwenye hoteli au kiwanda ni kilowati iliyopatikana bila kujenga bwawa jipya, katika mji ambao megawati zake zinahesabika.

Sheria ya umeme ya Kongo ya tarehe 17 Juni 2014 ilizifungulia kampuni binafsi mlango wa kuzalisha na kuuza. Atakayeandika kanuni za kuwakagua watumiaji wakubwa nina ombi kwake. Aige miaka mitatu ya Kenya, aache nusu yao. Aanze na majengo ya serikali na grupu, zile jenereta, zinazonguruma nyuma yake. Matokeo yabandikwe mlangoni, watu wayasome. Ukaguzi usiomlazimu mtu kutekeleza ni chai ya gharama kubwa aliyokunywa mkurugenzi na mtaalamu wake, na nimeusifu vya kutosha.