Jinsi ya Kulipita Gari la Miraa Bila Kuinuka Kibarazani

Vijana wa Majengo wanaamini kwamba hakuna kitu chenye mbio kuliko pikapu ya miraa ikitoka Maua kuwahi Nairobi. Usibishane nao. Fuata hatua hizi, uwapite umeketi.

1. Tafuta pa kukaa. Ukiwa Majengo ya Meru, upe mgongo Mlima Kenya, uso uelekee mashariki, maana huko ndiko Dunia inakozungukia. Ukiwa Majengo ya Embu, mlima uwe upande wa kushoto. Ikweta inakatiza barabara kati ya Meru na Nkubu, na kwenye Ikweta ndiko Dunia inakojizungusha kwa kasi zaidi: kilomita 1,670 kwa saa. Matatu imewekewa kikomo cha 80. Watu wa Embu wako mbali kidogo na mstari huo, lakini wasinung'unike. Tofauti haifiki kilomita moja kwa saa.

2. Usijishikilie popote. Abiria hurushwa na breki na kona kali, si na kasi yenyewe. Mwendo wa Dunia haubadiliki ghafla, na kiti, hewa na kikombe cha chai vyote vinakwenda pamoja nawe.

3. Kanyaga mafuta. Huku ikijizungusha, Dunia inalizunguka Jua kwa takribani kilomita 30 kila sekunde. Kwa mwendo huo, Meru hadi Nairobi ni chini ya sekunde 10, na hakuna wa kukusimamisha njiani. Mwanzoni mwa Januari Dunia huwa karibu zaidi na Jua, ikakaza mwendo. Mwanzoni mwa Julai hulegeza. Anayelalamika kwamba Januari haiishi, mwambie tatizo liko mfukoni, si angani.

4. Chagua wa kushindana naye. Utaridi mwache: yuko karibu na Jua, mvuto umembana, naye hutimka kilomita 47 kwa sekunde na kumaliza mwaka kwa siku 88. Mshtarii usimdharau kwa unene wake. Hujizungusha mara moja kwa saa zisizofika 10. Neptuni hujikokota kilomita 5 na ushei kwa sekunde, na mwaka wake mmoja ni kama 165 yetu. Mkopo wa kulipa baada ya mwaka, ukope huko. Wa kuonewa ni Zuhura: kwenye ikweta yake hujizungusha kilomita 6.5 hivi kwa saa, tena kinyumenyume, Jua likichomoza magharibi. Mtu mwenye haraka zake angempita kwa miguu.

5. Ukiulizwa faida, taja Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na mji huo. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na Ikweta huanza safari ikiwa tayari na kasi ya Dunia, ikaokoa mafuta.

Tahadhari: kila siku ukiwa hapo kibarazani unasafiri zaidi ya kilomita milioni 2.5, lakini usijitape nazo mbele ya mwenye nyumba. Naye amesafiri zizo hizo, na kodi bado anaitaka.