Jinsi ya Kumfanya Ndege Afanane na Ndege

Anayeanza kupiga picha za ndege hapa Rusizi, Rwanda, ana bahati moja kubwa: ukungu wa Ziwa Kivu. Picha ikitoka na doa la kijivu mahali alipokuwa mdiria, unasema ni ukungu, na watu wa Kamembe watakubali bila kuuliza, maana asubuhi hiyo hata Bukavu ilikuwa haionekani. Taabu huja siku inayofuata mvua ya usiku. Hewa imeoshwa, milima ya ng'ambo imesogea, mabati ya Bukavu yanahesabika moja moja, na doa lako la kijivu bado liko palepale. Mwongozo huu ni wa asubuhi kama hiyo.

Anza kwa kuilaumu kamera. Kamera haina mdomo wa kujitetea. Kisha nunua lenzi ya milimita 600, nene kama mchi, uitembeze kutoka stendi hadi sokoni ili hata wasiojali ndege wajue wewe ni nani. Usimwambie mtu kwamba lenzi inayomvuta ndege karibu huvuta pia tetemeko la mkono wako, kwa kiasi kilekile. Wazoefu wana kanuni yao: shata isiende polepole kuliko urefu wa lenzi, yaani kwa milimita 600 isipungue 1/600 ya sekunde. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya vitu vilivyotulia. Ndege hakuhudhuria kikao.

Lenzi ikishapatikana, nenda Nyungwe siku hiyohiyo. Ya nini kuhangaika na ndege wa ufukweni, wakati jirani yako ni msitu uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na kuingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023? Una aina za ndege zipatazo 300, na zaidi ya ishirini kati yake hazipatikani popote duniani ila katika milima hii ya Ufa wa Albertine. Mtafute shorobo wa Rwenzori, yule wa kijani mwenye mabawa mekundu, ambaye hukimbia juu ya matawi mithili ya mtu anayedaiwa. Chini ya miti ile saa nne asubuhi bado ni jioni. Kamera ukiiachia iamue yenyewe, itafungua shata kwa 1/60, na utarudi nyumbani na mstari wa kijani wenye ncha nyekundu. Uwekee fremu. Wageni waambie ni sanaa.

Kama imani yako haijatikisika, panda daraja la juu ya miti pale Uwinka, lililofunguliwa mwaka 2010. Lina mita zipatazo 160, linaning'inia kwa nyaya, na huyumba kila mtu anapokanyaga. Ngoja kundi la watalii lifike katikati, ndipo ubonyeze. (Ukisisitiza kwenda Nyungwe kwa nia njema, mwombe mwongoza wageni akupeleke njia ya Karamba. Huko miti imeachana na mwanga unafika chini. Lakini ushauri huo unaharibu kejeli yangu, kwa hiyo nimeuweka kwenye mabano.)

Kuna ndege mmoja tu ninayekuruhusu kumkosa bila aibu: bundi wa Itombwe, milima ya Kivu Kusini. Wanasayansi walimpata mmoja mwaka 1951, kisha wakakaa mpaka mwaka 1996 ndipo jike mmoja akanasa kwenye wavu, akapigwa picha na kuachiwa. Huyo tunamwondoa katika mtihani. Waliobaki wote hawana udhuru, wala wewe.

Sasa rudi ufukweni, ulikoona si hadhi yako. Hapa kuna mdiria wa madoa meusi na meupe, mwalimu asiyedai karo. Huketi kwenye nguzo ileile, hurudi kwenye nguzo ileile, na akitaka kuvua husimama hewani mahali pamoja, kichwa kimetulia tuli huku mabawa yakipiga, kabla ya kujitupa majini. Nani mwingine atakupa nafasi hiyo? Tena ana kipimo chake cha ukali wa picha: dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja. Ikuze picha yako uhesabu mikanda. Ukishindwa kujua kama ni bwana au bibi, futa.

Mfuate asubuhi, wavuvi wanaporejea. Wamekesha ziwani na taa zao, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wakitafuta sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Jua linatoka kwenye saa kumi na mbili, na kufikia saa tatu limeshakuwa kali, linawachoma ndege weupe na kuweka vivuli vyeusi chini ya macho. Na hapa jiografia imetupendelea. Sisi ziwa letu liko magharibi, kwa hiyo asubuhi ukilitazama jua liko mgongoni kwako, usoni kwa ndege. Mwenzako wa Bukavu akitazama upande wetu saa hiyohiyo jua linampiga machoni, na ndege wake wote wanatoka weusi. Jioni hulipiza kisasi. Kitu kimoja tu: lenzi ndefu usiielekeze kwenye daraja la mpakani. Hakuna ndege huko anayestahili maelezo utakayotakiwa kutoa.

Kuhusu vitufe, nitasema haraka, kwa sababu vitufe ndivyo kila mtu anavyotaka kuzungumzia. Ndege aliyetua: 1/600 au zaidi. Anayeruka: 1/2000. Mwanga ukiwa haba, pandisha ISO bila kulia. Picha yenye chenga ni picha, lakini iliyotikisika ni ushahidi tu kwamba ulikuwepo. Weka fokasi ya kufuatilia, ile isiyojifunga kwa hatua moja, na sehemu yake ya kulengea iwe moja tu, juu ya jicho. Mkia ukiwa na ukungu, watu watasamehe. Jicho likiwa na ukungu, hata mama yako atanyamaza kidogo kabla ya kusifu. Piga mfululizo mfupi wa picha, si mkanda mzima wa sinema, halafu pumua.

Zito zaidi ya vitufe ni magoti. Ndege aliyepigwa kutoka juu ni mgongo wenye miguu. Shuka hadi usawa wa macho yake, ikibidi lala kifudifudi kwenye matope, mbele ya watu wanaokuheshimu. Watakuja. Watoto watafika kwanza, na ndege ataondoka. Kisha mvuvi:

"Mzee, umepoteza nini hapo chini?"

"Namtafuta mdiria."

"Huyu? Si yuko hapa kila siku! Ngoja upepo ugeuke, atasimama pale."

Funga mdomo wako na uelekeze lenzi pale. Ndege hawa hukabili upepo wakisimama hewani, na mvuvi anaujua upepo wa ziwa lake kuliko kitabu chochote cha maelekezo kilichokuja na kamera.

Mdiria akikushinda kabisa, kuna inyamanza, yule mdogo mwenye mkia usiokoma kupiga chini, anayetembea uani kana kwamba amelipia kodi. Ni ndege wa ukoo wa Abagesera, na kwa desturi hauawi, ndiyo maana hana haraka na watu. Kaa chini, atakuja mwenyewe. Waliozoea kurusha mawe hawana picha nzuri za karibu, na si sadfa.

Bugarama nayo ina mashamba ya mpunga na yangeyange wengi, lakini nenda mapema. Ni bonde la chini ya mita 1,000, joto linapanda upesi, na hewa ya juu ya matuta ikianza kucheza hakuna lenzi duniani, hata ya bei ya ng'ombe wanne, itakayoinyoosha. Mpiga picha hununua lenzi nyingine. Mwenye akili husogea karibu, au huenda kunywa chai.

Korongo taji, umusambi, alikuwa rahisi zamani: ungemkuta kwenye bustani za matajiri, mabawa yamekatwa, amesimama kama pambo. Tangu mwaka 2014 daktari wa wanyamapori Olivier Nsengimana na wenzake wamekuwa wakiwatoa huko na kuwarudisha mwituni, na wasioweza tena kuruka wanatunzwa Umusambi Village, Kigali. Kwa mpiga picha mvivu hii ni hasara kubwa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi usipange chochote asubuhi. Ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. "Nilikuwa nasubiri mdiria" si sababu ambayo mkuu wa mudugudu amewahi kuikubali.

Hatimaye siku itafika: mikanda miwili, jicho lenye kung'aa, hata tone la maji mdomoni. Itume haraka kwenye kundi la WhatsApp la familia. Itabanwa njiani ifike na ukungu uleule uliopigana nao miezi yote, na shangazi ataandika, "Mzuri huyo bata." Kwa hiyo itume kama faili, au iprinti, umpelekee yule mvuvi. Ataitazama, ataigeuza, atauliza kwa nini umempiga ndege na yeye hukumpiga. Mpige hapo hapo, jua likiwa bado mgongoni kwako. Kwa mzee aliyesimama wima, na lenzi fupi, 1/125 inatosha.