Shahada ya Namba 46

Mwanafunzi wa Kawangware aliye Chuo Kikuu cha Nairobi husomea shahada mbili kwa mpigo. Moja hulipiwa karo. Ya pili hufundishwa ndani ya matatu ya 46: hesabu ya nauli inayopanda wingu likitanda, fizikia ya watu wanne kwenye kiti cha watatu, na falsafa ya makanga asemaye “bado mmoja tu” kwa nusu saa.

Mwaka 2022 tulifunguliwa barabara ya kulipia, Expressway, kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands. Ahsante. Mwenye gari hulipa akapita juu. Sisi, tukikatiza Uhuru Highway kwa miguu, twafaidi kivuli bure. Na mhadhara wa saa mbili asubuhi, tutauwahi? Mhadhiri naye yuko kwenye foleni, ila yeye kafunga vioo.