Sifa za Kitufe cha "Nakubali"

Watu husifu mvua, husifu wali wa nazi, husifu hata timu iliyofungwa. Kitufe cha "Nakubali" kinatutumikia mchana kutwa na hakuna anayekipigia makofi. Leo nakilipa deni lake.

Kwanza, sura. Ni kipana, cha kijani kibichi, kimekaa pale pale dole gumba linapotua. Nduguye "Kataa" ni maandishi ya kijivu, ukimtaka umfuate ndani ya "Mipangilio zaidi".

Pili, huruma. Kinajua hatuna muda wa kusoma masharti marefu ya Kiingereza cha mahakamani, basi kinatujibia. Wakati mwingine kiboksi huja kimeshawekewa tiki, mithili ya mgeni anayepiga hodi akiwa ameshaketi sebuleni.

Tatu, kinaunga undugu. Ukiomba mkopo mdogo wa simu, baadhi ya programu hutaka kwanza orodha nzima ya namba zako. Bonyeza tu. Ukichelewa kulipa, shangazi, bosi na fundi bomba wote watapelekewa ujumbe kukuulizia. Ni nani mwingine mjini anayewakumbuka jamaa zako hivyo?

Wahenga walisema chema chajiuza. Hiki kimezidi wema: kinatuuza sisi.

Mfano, mwaka 2023 umati ulipanga foleni kwenye jengo la mikutano la KICC, Nairobi, kupigwa picha ya mboni za macho na mashine ya Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, kwa malipo ya sarafu hizo zenye thamani ya shilingi elfu saba hivi za Kenya. Ilikuwa hiari tupu. Kodi ya nyumba na bei ya unga havikumsukuma mtu.

Lakini mwema hakosi mahasidi. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema tiki iliyowekwa kabla si ridhaa. Januari 2022 Ufaransa ikatangaza kuitoza Google faini ya euro milioni 150, eti kukubali vidakuzi (cookies) ni mbofyo mmoja na kukataa ni mibofyo kadhaa. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya nayo ikaamuru zile picha za macho zifutwe. Sheria za Kenya na Tanzania zinadai ridhaa ya mtu anayejua anachokiridhia.

Yaani wanataka tuulizwe kwa lugha tunayoielewa, na "hapana" iwe nyepesi kama "ndiyo". Wamefikiria ni biashara ngapi zitafunga milango siku hiyo?