Namna ya Kuupiga Picha Mwezi Bila Kuaibika Sana

Kwanza, subiri mwezi kumi na nne. Ndivyo wanavyofanya wote, na wewe huna sababu ya kujitenga na watu. Kama uko Dar es Salaam, fika Coco Beach kabla jua halijazama, nunua muhogo wa kukaanga, ongeza kachumbari, simama ukitazama baharini. Mwezi mpevu hutoka mashariki wakati jua linaaga magharibi, mkubwa kama sinia, na simu zote ufukweni zinapanda juu kwa pamoja. Pandisha na yako. Bonyeza. Sasa tazama ulichopata: kidoa cheupe kisichojulikana kinaanzia wapi. Usishtuke, jirani yako kapata hichohicho. Desturi inataka umwonyeshe huku ukisema, "Simu yangu leo sijui ina nini," naye ajibu, "Hata yangu." Usimuulize kama leo tu.

Pili, nyoosha mkono na uinue kidole cha mwisho. Ukucha wake unaufunika mwezi wote na nafasi inabaki. Lile sinia ni kazi ya ubongo wako, unaoupandisha mwezi cheo kila ukiuona karibu na bahari au minazi. Kwa kweli mwezi unapochomoza uko mbali nawe kwa zaidi ya kilomita 6,000 kuliko ukiwa utosini. Lenzi haidanganyiki hivyo. Lenzi ya milimita 50 inauchora mwezi kwa upana usiofika nusu milimita. Chukua urefu wa lenzi yoyote, gawa kwa 110, hapo ndipo utajua mwezi wako utakuwa na upana gani ndani ya kamera. Kwa hiyo tafuta lenzi ya milimita 300 kwenda juu. Na ile tabia ya kuvuta kwa vidole viwili kwenye simu, iache: huukaribii mwezi, unaukuza ukungu. Bei ya lenzi iulize ukiwa umekaa.

Ikiwa simu yako ni ya fedha nyingi, huenda ikakurudishia mwezi safi wenye kreta zote. Shukuru, usichunguze. Mwaka 2023 mtu mmoja aliichukua picha ya mwezi, akaififisha makusudi, akaifungua kwenye kompyuta, akazima taa za chumba, akarudi nyuma na kuipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikamtolea mwezi wenye mabonde na madoa ambayo kwenye kioo hayakuwapo. Kampuni ilieleza kwamba programu yake huutambua mwezi na kuuboresha. Kwa mwenye simu ya namna hiyo mafunzo yanaishia hapa. Aelekeze kwenye duara lolote jeupe na aende zake. Ajihadhari tu asiuboreshe utosi wa mzee wake.

Sisi wengine tuendelee. Hatua inayofuata ndiyo yenyewe, na ni kukubali jambo moja: kule mwezini ni mchana. Unachokipiga picha ni jiwe lililoanikwa juani, jua lilelile lililokukaushia nguo asubuhi. Kamera hailijui hilo. Inaona weusi pande zote, inahurumia giza, inaongeza mwanga mpaka jiwe linaungua. Ukiweka hali ya usiku ndiyo umemaliza kabisa. Wapo hata wanaoumulika mwezi kwa flashi. Umbali ni wastani wa kilomita 384,400, na mwanga husafiri huko kwa sekunde moja na ushei, kwa hiyo kama flashi yako ingefika, majibu yangekuwa yamesharudi. Hayajarudi. Izime.

Mpiga picha Ansel Adams aliyajua haya. Jioni moja mwaka 1941, huko Hernandez, New Mexico, aliuona mwezi ukiwa juu ya kijiji chenye makaburi. Alisimamisha gari, akatoa kamera mbiombio, mita ya mwanga asiione. Akakumbuka mwezi una mwangaza kiasi gani, kwa kuwa alikuwa na tarakimu hiyo kichwani, akapiga hesabu palepale na kubonyeza. Alipojiandaa kwa picha ya pili, jua lilikwisha kuiacha misalaba. Wewe umerahisishiwa: ISO 100, tundu la lenzi f/11, kasi ya shata 1/100, kisha urekebishe kidogo kidogo. Kwa simu, gusa mwezi kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi ijifunge, halafu buruta kwenda chini kile kialama cha jua. Ndiyo, jua. Walioiunda simu walijaribu kukuambia. Ukifanya hivi anga itatoka nyeusi tii, bila hata nyota moja, na kwenye kundi la familia yumo binamu ambaye kwa hoja hiyohiyo ya nyota hukanusha kwamba Armstrong alifika kule. Usimjibu.

Halafu tafuta stendi ya miguu mitatu, maana ukiwa na lenzi ndefu hata kupumua kunaonekana kwenye picha. Izime ile huduma ya kamera ya kutuliza mtikisiko, ambayo ikikosa mtikisiko kwenye stendi huweza kuutengeneza. Weka taima ya sekunde mbili ili kidole chako kisihusike. Mwezi nao hautakusubiri: kila dakika mbili hivi unasogea kwa upana wake mzima, kwa hiyo ukienda kunywa maji utaikuta kamera inapiga picha anga tupu. Haya yote ni madogo. Kubwa ni mtaa. Mtu mwenye stendi ya miguu mitatu barabarani anajulikana kazi yake, na hazitapita dakika tano kabla mzee wa nyumba ya kona hajatoka na msuli wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Barabara inapanuliwa mpaka wapi?"

"Hapana mzee, napiga picha mwezi."

"Sawa. Lakini ukuta wangu umeupima?"

Asubuhi mtaa mzima utajua kwamba alama nyekundu za X zinakuja. Kama hutaki kuitwa kwa mjumbe, weka mfuko wa mchele wa kilo mbili juu ya ukuta na uilaze kamera hapo. Ukuta uwe wako.

Fokasi. Usizungushe pete ya lenzi mpaka mwisho ukidhani mwezi uko mwisho; lenzi nyingi hupitiliza. Lenga ukingo wa mwezi, kuza kwenye kioo cha kamera, zungusha taratibu mpaka kreta zikae. Kaa mbali na paa la bati lililoshinda juani na jiko la chipsi, kwani hewa ya moto huuchezesha mwezi na hakuna lenzi inayoutuliza. Mwuza chipsi hatahama.

Sasa kuhusu ile siku niliyokutuma ufukweni. Mwezi kumi na nne ndio mbaya kuliko yote kwa mtu anayetaka picha kali. Jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli hakuna, na kreta bila kivuli ni doa tu. Nilikutuma kwa sababu ungekwenda tu. Unaoutaka ni wa siku nane au tisa, uliofunikwa upande mmoja: kwenye mpaka wa mwanga na giza jua linakuja kwa ubavu, na kreta ya Copernicus, yenye upana wa kilomita 93, inaonyesha kingo zake zote. Shida ni kwamba kwetu karibu na ikweta mwezi huo saa moja usiku unakuwa juu mno, mara nyingine utosini kabisa, na stendi nyingi haziinami hivyo. Tandika mkeka, lala chali. Wapita njia watakuita jina lako mara mbili, kisha watamwita mama yako.

Mwezi mwandamo uache. Unakaa chali juu ya upeo wa macho kwa muda mfupi, na ukifanikiwa kuupata jioni ya Shaabani 29, picha ya mwaka jana itakuwa imeshazunguka makundi yote tangu adhuhuri.

Mwisho, siku utakayopata picha safi kweli, kreta zimesimama na ukingo mkali, utaituma kwa fahari. Jibu la kwanza litakuwa, "Hii umeitoa Google." Ukianza kueleza f/11, una kiburi. Ukinyamaza, umekamatwa. Iliyo salama ni kuiharibu kidogo kabla ya kuituma, upunguze ukali na kuikata vibaya upande mmoja. Usizidishe, maana yupo shemeji atakayeipiga kwa simu yake kutoka kwenye kioo na kupata nzuri kuliko yako.